Umetundika daluga? Hivi ndivyo unavyoomba leseni ya ukocha

Jina kubwa halimpi mtu ruhusa ya kukaa kwenye benchi la ufundi. Oktoba 2014, Zinedine Zidane, bingwa wa dunia wa 1998, alifungiwa miezi mitatu nchini Hispania kwa kuifundisha timu ya pili ya Real Madrid bila leseni ya daraja lililotakiwa. Adhabu hiyo ilisitishwa baadaye, lakini kozi ilibidi aimalize. Kwa hiyo anza mapema, ikiwezekana ungali unacheza.

Kwanza jua unaombea daraja gani. CAF, yaani Shirikisho la Soka Afrika, ina D, C, B, A na Pro, kuanzia chini kwenda juu. UEFA, shirikisho la Ulaya, inaanzia C. Ngazi hizi hupandwa moja moja, ila yapo mashirikisho yanayowafupishia njia waliocheza ligi za juu kwa miaka mingi. Nenda idara ya ufundi ya shirikisho lako, ulizia fomu, ada, tarehe ya mwisho, na kama nafuu hiyo ipo. Usione haya kuiulizia. Miaka yako uwanjani ni sifa halali. Nafasi zikijaa, ulizia pia kama unaweza kusoma nje. Thierry Henry na Patrick Vieira, wachezaji nyota wa zamani, ni Wafaransa, na wote wawili walisomea ukocha kwa Shirikisho la Soka la Wales.

Kisha kusanya nyaraka: kitambulisho au pasipoti, picha, vyeti vya shule, wasifu wako, na mara nyingi cheti cha huduma ya kwanza pamoja na hati ya polisi kwamba huna rekodi ya jinai, kwa kuwa utafundisha watoto. Hizo hazisumbui sana. Inayokwamisha watu ni barua ya klabu inayothibitisha kwamba uliichezea. Viongozi hubadilika, ofisi huhama, klabu nyingine hufa kabisa. Iombe siku ileile unayoaga, ikiwa na tarehe ya kuanza na kumaliza, ligi mliyocheza, sahihi na muhuri. Ikiwa umeshachelewa, omba shirikisho likutolee kumbukumbu za usajili wako.

Kozi nyingi hutaka pia uwe na timu ya kufanyia mazoezi ya vitendo. Usisubiri timu ya wakubwa. Kikosi cha watoto wa miaka 13 kinatosha, na nadhani ndicho shule bora zaidi, maana mtoto asipoelewa hukuonyesha papo hapo.

Sasa barua ya maombi. Hapa wachezaji wazuri hujiangusha wenyewe kwa kujaza ukurasa mzima mabao na medali. Hayo yamo kwenye wasifu. Anayeisoma anataka kujua kama unaweza kueleza kwa maneno kile ambacho mwili wako umezoea kukifanya bila kufikiri. Kama ulikuwa beki wa pembeni, andika aya moja ya namna utakavyomfundisha kijana wa miaka 14 kujua wakati wa kupanda na wakati wa kubaki: aangalie nini kwanza, winga wake yuko wapi, nani anaziba nyuma yake. Utaona ugumu wake. Iandike, ifute, iandike tena. Aya hiyo ina uzito kuliko picha ya kombe.

Ukiitwa kwenye usaili wa vitendo, nenda na zoezi moja lenye lengo moja. Jua ukubwa wa eneo, idadi ya wachezaji, na utasema nini utakapolisimamisha. Tena usiushike mpira muda wote kuonyesha kwamba bado unaujua. Wakufunzi wanawatazama wachezaji wako, kama wanabadilika baada ya wewe kusema.

Tunza nakala ya kila karatasi na risiti ya ada. Leseni ikitoka, andika mahali tarehe inapokwisha. Ile ya UEFA hudumu miaka mitatu, na kuihuisha kunahitaji angalau saa 15 za mafunzo ya kuongeza ujuzi ndani ya kipindi hicho.