Kuingiza pesa kwa muziki mtandaoni ukiwa Mombasa

Kabla ya kupakia wimbo, andikeni mgao wa mapato. Mwimbaji, mpiga kinanda, prodyuza: kila mmoja na asilimia yake, jumla 100, na saini. Ugomvi huanza wimbo ukishavuma, kwa sababu kwa kawaida msambazaji, yaani kampuni inayopeleka wimbo wako Spotify na kwingineko, humlipa mwenye akaunti.

Katika kumchagua msambazaji huyo, linganisha ada ya mwaka na makato ya asilimia, na uhakikishe pesa zitafika benki ya Kenya. Kila rekodi huwa na ISRC yake, yaani namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12. Ukihama msambazaji, hama nayo ileile, la sivyo hesabu ya usikilizaji inaweza kuanza upya. Tangu 2024 Spotify hailipi rekodi isiyofikisha usikilizaji 1,000 ndani ya miezi 12. Heri nyimbo 3 zinazosukumwa kuliko 20 zilizotelekezwa.

Ili upate mirabaha, jisajili PRISK, chama cha haki za waimbaji na wapiga ala, kama mwimbaji au mpiga ala; na KAMP, chama cha wenye rekodi, ikiwa rekodi ni mali yako. Kwa Skiza ya Safaricom, wimbo anaousikia anayekupigia simu, tumia kipande cha kiitikio, si utangulizi wa ala.

Kodi ya nyumba, hata hivyo, bado hutoka kwenye harusi na hoteli za Nyali. Dai arbuni ya nusu kwa M-Pesa, na usafiri na vyombo viandikwe kando: hapo ndipo bei hupigwa panga.