Kuongeza Nguvu ya Injini ya 1HZ Bila Kuiua: Mwongozo kwa Wenye Land Cruiser wa Lindi na Mtwara

Injini ya 1HZ iliyomo katika Land Cruiser nyingi za mkonga (bomba la kuvutia hewa lililopanda hadi juu ya gari) zinazotembea kati ya Lindi, Masasi na Newala ni ya dizeli, ina silinda 6 zilizopangwa kwa mstari mmoja, ina ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, na haina turbo, yaani kifaa kinachozungushwa na moshi wa eksozi na kuisukumia injini hewa zaidi. Toyota iliianzisha mwaka 1990. Ikiwa mpya hutoa takriban nguvu za farasi 130, nayo huvuta vizuri zaidi inapozunguka mara 2,200 hivi kwa dakika. Nguvu hiyo yatosha kwa barabara ya tambarare ya pwani, lakini haitoshi gari linapopanda Newala kutokea Masasi likiwa na shehena ya korosho. Turbo ndiyo njia ya uhakika ya kuiongezea nguvu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kutengeneza kabla ya turbo, kwa sababu hapo ndipo injini nyingi huponea au hufia.

Anza kwa kuipima injini ilivyo. Mwombe fundi apime kompresheni (nguvu ya kubana hewa) ya kila silinda kupitia matundu ya hita plagi, yaani plagi za kupasha joto wakati wa kuwasha, injini ikiwa ya moto, kisha alinganishe na kiwango cha kitabu cha matengenezo. Ikiwa silinda moja iko chini sana kuliko wenzake, usiendelee na mpango wa turbo mpaka sababu ipatikane, iwe ni ringi, valvu au gasketi ya silinda hedi. Kipimo kingine hakihitaji kifaa chochote: injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma yenyewe bila kukanyagwa mafuta, fungua kifuniko cha kuwekea oili. Mvuke hafifu ni jambo la kawaida, lakini moshi unaosukumwa kwa nguvu na kwa mapigo maana yake ringi zimechoka na injini hiyo inadai oveholi kwanza. Valvu nazo zipimwe nafasi zake, nozeli zipelekwe kwa fundi wa pampu za dizeli zikajaribiwe namna zinavyonyunyiza, na kama injini imetembea miaka mingi bila kufunguliwa, ni busara kushusha sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kukagua metali za konrodi. Mara nyingi mwenye gari akimaliza hatua hii hugundua kwamba nguvu aliyokuwa akiitamani ni ileile ambayo gari lake lilikuwa nayo zamani.

Mfumo wa kupoza ndio unaostahili fedha nyingi zaidi katika pwani yetu. Turbo huongeza mafuta yanayoungua, na mafuta yakiongezeka joto nalo huongezeka, wakati rejeta iliyozeeka hushindwa hata kuihudumia injini isiyo na turbo. Maji ya visima vingi vya karibu na bahari yana chumvi, na ukiyatumia kwenye rejeta huacha magamba kwenye mirija na kuila ndani kwa ndani. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa. Ukikosa, maji safi ya mvua ni afadhali mara nyingi kuliko ya kisima. Rejeta ivuliwe, iangaliwe mirija iliyoziba, na kama zaidi ya michache imeziba, ibadilishwe. Feni ya 1HZ ina kapling yenye mafuta ya silikoni ndani yake, ambayo kwa miaka hupungua, feni ikawa inazunguka kivivu hata injini inapochemka. Fundi anayeifahamu huifungua, akaijaza upya, na tofauti huonekana siku hiyohiyo kwenye mlima. Napinga kabisa desturi ya kung'oa thermostati (valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) kwa madai kwamba kwetu ni joto. Injini isiyo na thermostati hukaa na baridi inapotembea polepole, huchoma dizeli vibaya, na bado huchemka inapozidiwa mlimani. Funga thermostati mpya ya kiwango kilekile kilichopendekezwa na kiwanda.

Upande wa hewa, mkonga una faida ikiwa tu maungio yake yote yameziba sawasawa hadi kwenye filta. Mchanga na vumbi la uwanda wa Makonde likipita pembeni ya filta hula ringi, na ukishafunga turbo hula pia mapanga yake yanayozunguka kwa kasi kubwa mno. Pitisha kidole ndani ya bomba baada ya filta; ukikuta vumbi, tafuta linapoingilia kabla ya kufanya jambo jingine lolote.

Sasa turbo yenyewe. Inafaa kuelewa kwa nini 1HZ haivumilii upepo mwingi. Dizeli yake haimwagwi moja kwa moja juu ya pistoni bali huanza kuungua ndani ya chemba ndogo iliyoko kwenye silinda hedi, kisha moto hutoka kwa kasi kupitia tundu dogo na kuipiga pistoni sehemu moja. Kompresheni yake ni ya juu pia, zaidi ya 22 kwa 1. Ndugu yake, 1HD-T, mwenye ujazo uleule lakini aliyeundwa na turbo tangu kiwandani, hunyunyiza dizeli moja kwa moja kwenye pistoni na kompresheni yake imeshushwa hadi 18.6 kwa 1. Kwa hiyo shinikizo ambalo 1HD-T hulibeba bila shida linaweza kupasua pistoni au silinda hedi ya 1HZ. Kwa injini isiyo na intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo), ushauri wangu ni kutozidi 0.5 bar, na kwa yenye intakula nzuri, 0.7 bar. Kwa kiwango hicho gari huongeza takribani theluthi moja ya mvuto wake, na kwa kazi za huku kwetu hilo latosha.

Chagua turbo ndogo inayoanza kusukuma mapema, kwa sababu gari la mizigo halihitaji nguvu iliyoko kwenye mizunguko ya juu. Ukinunua iliyotumika, shika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Ikicheza kidogo sana kwenda kando, si neno, lakini ukiivuta nje na kuisukuma ndani haitakiwi kucheza hata kidogo kwa kiasi cha kuhisi. Yakague mapanga kama yana pengo au yamegusa ukuta. Manifoldi, yaani bomba la eksozi linalofungwa kwenye silinda hedi na kubeba turbo, iwekewe gasketi ya eksozi ya 1HZ juu yake palepale dukani, uone matundu yote yakilingana kabla ya kulipa. Bomba la oili linaloingia kwenye turbo liwe safi na lenye uwezo wa kuhimili joto. Lile la kurudisha liwe pana, literemke moja kwa moja hadi kwenye sampu juu ya usawa wa oili, bila kona ya kupanda. Oili ikikwama kurudi, turbo huvujisha na mwenye gari hudhani ameuziwa mbovu. Bomba la eksozi baada ya turbo liwe la inchi 2.5 au 3.

Usiwashe mfumo huu bila kipima joto cha moshi. Kitambuzi chake kifungwe kwenye manifoldi, kabla ya turbo, si baada yake, kwa kuwa baada ya turbo moshi umeshapoa na kipimo kitakudanganya. Kwa safari ndefu ya kupanda, baki chini ya nyuzi 650 za Selsiasi. Ikigusa 700, punguza mafuta na ushuke gia. Kipima shinikizo la turbo nacho kiwe mbele ya macho ya dereva.

Kurekebisha pampu ndiyo kazi ya mwisho na inayotaka subira. Skrubu ya mafuta iko nyuma ya pampu, na ukiikaza dizeli huongezeka. Legeza nati yake, zungusha sehemu moja ya nane ya mzunguko, funga, kisha urudishe sailensa mahali pake, maana nayo hupanda. Ukiikaza kupita kiasi injini inaweza kukataa kushuka mizunguko. Kila badiliko lijaribiwe kwenye mlima uleule, kwa mzigo uleule na gia ileile, ukitazama kipima joto na moshi kwenye kioo. Moshi mweusi mzito maana yake dizeli imezidi hewa iliyopo, na moto huo wa ziada unaishia kwenye pistoni. Ikiwa gari linatoa moshi likiondoka tu lakini ni safi likishika kasi, pampu inahitaji kifaa cha kuongeza mafuta kufuatana na shinikizo la turbo, na fundi wa pampu anaweza kukifunga.

Klachi ya zamani mara nyingi huanza kuteleza baada ya kazi hii, basi panga bajeti yake mapema. Oili ibadilishwe kila kilomita 5,000. Taimingi belti isiyojulikana ilifungwa lini ibadilishwe sasa, kwa sababu ikikatika valvu hugonga pistoni. Na ukifika juu ukiwa umevuta mzigo, iache injini sailensa kwa dakika moja au mbili kabla ya kuizima, ili oili iendelee kuipoza turbo.