Somo: Kumwandalia mtoto maneno ya kwenda nayo chekechea

Mtoto anayeanza shule ya awali hununuliwa sare, viatu na begi, lakini maneno ya kuombea msaada mbele ya mtu asiyemzoea mara nyingi husahaulika. Yafuatayo yaanze miezi miwili au mitatu kabla shule hazijafunguliwa Januari.

Kwanza, zoea kungoja. Tuseme unachambua mchicha, naye ananyoosha kidole kwenye ndoo akisema, "Maji." Usikimbilie kikombe, wala usimwamuru, "Sema naomba maji!" Mtazame, hesabu moyoni hadi tano, kisha mrudishie neno lake ukiwa umeliongezea kidogo: "Maji ya kunywa? Haya, tuchote maji ya kunywa." Asiporudia, mwache, amesikia. Hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu sisi watu wazima hatuvumilii kimya.

Pili, zima televisheni wakati wa kula, kwa kuwa katuni haimjibu mtoto anapoiuliza. Tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mwenye miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku mbele ya skrini.

Tatu, igizeni shule nyumbani, mtoto ajizoeze kusema "Mwalimu, naomba kwenda chooni", "Sijaelewa" na "Amenipiga". Nimewahi kumwona mtoto akijikojolea darasani, si kwa kushindwa kujizuia, bali kwa sababu kwao huomba kwa Kihaya, na hakujua aombeje kwa Kiswahili. Hilo lisiwafanye mwiache lugha ya nyumbani. Ongezeni tu sentensi hizo.

Nne, akirudi usimhoji amejifunza nini. Anza wewe kumsimulia jinsi daladala ilivyowaharibikia njiani, naye atatoa la kwake.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwanangu ana miaka 2 na miezi 3, na bado husema neno moja moja tu. Bibi yake anasema ana udata (ulimi ulioshikwa na utando chini yake), akakatwe. Je, ni sawa?

Jibu: Dada, udata waweza kumsumbua mtoto katika kunyonya, na pengine katika kutamka baadhi ya sauti, lakini si kawaida yake kumchelewesha kuunganisha maneno. Kwa umri huo tungetarajia asikike akisema "baba njoo". Mpeleke hospitali apimwe masikio kwanza, hasa kama yamewahi kutoa usaha. Bibi asibezwe, ila wembe usikaribie kinywa cha mtoto.

Swali: Wiki ya pili sasa wangu hasemi neno shuleni, ilhali nyumbani hanyamazi.

Jibu: Kimya cha mwezi wa kwanza tangu aanze shule hatukihesabu kuwa tatizo. Mwombe mwalimu asimsimamishe kujibu mbele ya wenzake, bali ampe kazi isiyodai maneno, kama kugawa vitabu. Kimya kikiendelea baada ya hapo, muone daktari wa watoto.

Swali: Ana miaka 4, husema "lafiki".

Jibu: Sauti ya "r" huchelewa kwa watoto wengi. Mjibu, "Ndiyo, rafiki yako amekuja," kisha mwendelee na mazungumzo yenu.