Nodi ikijaa: kupunguza msongamano kwenye intaneti ya kebo

Wateja wa nodi moja (kisanduku kinachounganisha fiba na kebo za mtaa) hugawana chaneli zilezile, yaani vipande vya masafa kwenye kebo. Kwa hiyo malalamiko yakianza kuingia saa 2 usiku, usikimbilie modemu ya mtu. Fungua grafu ya nodi. Chukua hesabu za baiti za kila chaneli kutoka CMTS (mtambo wa kampuni unaoongoza modemu zote) kila dakika 5, kwa wiki nzima, kupakia peke yake na kupakua peke yake. Wastani wa saa 24 utakudanganya: asilimia 40 ya siku nzima inaweza kuficha 95 ya usiku.

Pima uwezo halisi. Chaneli ya kupakua ya MHz 6 kwa QAM 256 (QAM ni namna ya kubebesha mawimbi biti; namba ikiwa kubwa, biti ni nyingi) hubeba takriban Mbps 38, hivyo chaneli 32 ni kama Gbps 1.2. Kupakia ndiko kwembamba: MHz 6.4 kwa QAM 64 ni Mbps 30.72 ghafi, kabla itifaki haijachukua fungu lake.

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure. Chaneli iliyojaa haina maana kwamba wateja wamezidi. Kelele, yaani mawimbi ya nje yanayovuruga laini, ikizidi, chaneli hushushwa kutoka QAM 64 hadi QAM 16, na theluthi ya uwezo imekwenda. Kelele za nyumba zote hukutana kwenye njia ya kurudi, ile ya kupakia. Konekta moja iliyolegea yatosha kuwaumiza wote. Angalia FEC, mfumo wa kusahihisha makosa ya data: makosa yasiyorekebishika yakipanda, mtume fundi wa laini afuate tawi moja baada ya jingine kuanzia kwenye nodi. Kugawa nodi chafu ni kupata nodi mbili, na moja bado chafu.

Laini ikiwa safi na kilele bado kinapita asilimia 80, kwanza sawazisha mzigo. Modemu za zamani zenye chaneli 4 au 8 hupenda kurundikana mahali pamoja. Isipotosha, gawa nodi, lakini gawa kwa trafiki wala si kwa idadi ya nyumba, na kabla ya yote hakikisha una uzi wa fiba ulio wazi na bandari (sehemu za kuunganishia) za CMTS.

Wakati wa kusubiri vifaa, tumia kipaumbele. RFC 6057, waraka wa kiufundi wa intaneti, inaeleza utaratibu ambao Comcast, kampuni ya kebo ya Marekani, iliutumia hadi 2018: bandari ikipita asilimia 70 ya kupakia au 80 ya kupakua kwa dakika 15, mteja aliyetumia zaidi ya asilimia 70 ya kasi ya kifurushi chake katika muda huo alishushwa kipaumbele, hadi matumizi yake yashuke chini ya asilimia 50. Programu aliyotumia haikuangaliwa. Usiongeze bafa za modemu (kumbukumbu ambamo data husubiri zamu) kamwe; foleni ndefu huua simu za video. Kwenye DOCSIS 3.1, toleo la kiwango cha intaneti ya kebo, washa PIE, mbinu ya kufupisha foleni, lengo la kusubiri milisekunde 10.