Somo: Moto wa msituni uko umbali gani na jaa? Tupime Unguja

Asalaam alaykum. Kaskazi ikivuma na kiangazi kikikaza, vichaka vya maweni hushika moto upesi. Mmoja anachoma shamba alime, mwengine anarina asali kwa kienge, upepo unamaliza kazi. Leo tupime moto huo uko mbali kiasi gani na taka zenye sumu. Mfano wetu ni jaa la Kibele.

1. Ingia FIRMS, tovuti ya NASA inayoonyesha moto ulioonwa na setelaiti, chagua VIIRS (chombo cha setelaiti kinachohisi joto la moto), saa 24 zilizopita, pakua CSV, yaani faili la jedwali lenye nukta moja kwa kila moto ulioonwa. Saa zake ni za UTC (saa za kimataifa), uongeze 3: 1040 ni saa 7:40 mchana kwetu.

2. Fungua QGIS, programu ya ramani, uchore mpaka wa jaa lote juu ya picha za droni za Zanzibar Mapping Initiative, mradi uliopiga picha visiwa vyetu kutoka angani. Usitie nukta moja katikati, maana moto haungoji ufike katikati. Ongeza matangi ya mafuta na matanuri ya taka za hospitali.

3. Ingiza ile CSV kwenye QGIS. X ni longitudo, Y ni latitudo. Ukizigeuza, moto wa Kibele utauona unawaka Uhispania.

4. Geuza leya zote (tabaka za ramani: moto na majaa) ziwe EPSG:32737, mfumo wa ramani wa eneo letu, zipime kwa mita badala ya digrii. Hapa ndipo nilipoaibika: kabla ya kugeuza, niliandika bafa (duara la umbali kuzunguka jaa) ya 1 nikidhani kilomita, kumbe digrii, yaani kilomita 111 hivi. Duara likameza Unguja nzima na Dar es Salaam juu yake.

5. Tumia zana ya QGIS inayounganisha kila nukta ya moto na eneo ulilolichora lililo karibu nayo. Utapata safu ya umbali. Kisha punguza mita 270. Nukta ni kitovu cha mraba wa mita 375 tu, na moto wenyewe huenda uko pembeni kabisa. Setelaiti ikiupiga kwa mshazari, mraba hutanuka zaidi.

6. Tazama upepo. Wakati wa kaskazi, mie huogopa zaidi moto wa kilomita 2 kaskazini-mashariki ya jaa kuliko wa mita 800 kusini-magharibi yake.

Maswali

Mwalimu, nukta imeangukia ndani ya jaa. Umbali ni sifuri?
Pengine jaa lenyewe ndilo linaloungua, ndugu yangu. Taka zinazooza hutoa methani, na moto hujificha chini. Mpigie simu mtu aliye karibu kabla hujatangaza.

Niko Wete. Ramani haina nukta, lakini moshi nauona kwa macho yangu.
Amini macho yako, dada. Setelaiti hizi hupita karibu na saa 7:30 mchana na saa 7:30 usiku. Moto uliowaka saa 3 asubuhi ukazimwa saa 5 hauonekani, na wingu nalo huziba. Mwambie sheha na zimamoto, ramani baadaye.

Kompyuta ya skuli yetu haina intaneti.
Pakua CSV kwa simu, hamisha kwa waya. QGIS ikishawekwa haihitaji bando. Picha za droni ndizo nzito. Njoo na flashi, nitakupa.