Kupaka milima kwa rangi za maji juu ya kanvasi

Kanvasi nyingi za dukani huwa zimeshapakwa jeso ya akriliki, yaani rangi nyeupe ya kuandalia kanvasi, ambayo hainyonyi maji vizuri. Rangi za maji zikiwekwa juu yake hujikusanya matonematone na kuteleza. Kwa hiyo tunaanza na kanvasi yenyewe.

1. Msingi. Tafuta msingi wa kunyonya maji uliotengenezwa kwa ajili ya rangi za maji. Piga koti mbili nyembamba, ya kwanza kwa mlalo na ya pili kwa wima, kisha uache ukauke angalau saa 24. Dondosha tone la maji: likinywewa taratibu, uko tayari.

2. Mchoro. Penseli nyepesi, mstari wa vilele tu. Amua mapema jua linatokea upande gani.

3. Anga. Laza kanvasi mezani, maana ukiisimamisha maji yatachuruzika. Lowesha sehemu ya anga hadi ing'ae bila maji kutuama, weka buluu juu na uipunguze unaposhuka. Mawingu yatoe kwa kugusa na tishu kabla rangi haijakauka.

4. Milima, kuanzia ya mbali. Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Mlima wa mbali huonekana hafifu na wa buluu kwa sababu hewa iliyo katikati hutawanya mwanga wa buluu. Changanya buluu ya altramarini na kahawia kidogo sana, maji yawe mengi. Anzia kileleni ushuke, na kabla haijakauka pitisha brashi yenye maji safi kwenye ukingo wa chini. Rangi itayeyukia humo na bonde litapata ukungu. Subiri. Gusa kwa mgongo wa kiganja: ukihisi ubaridi, bado kuna unyevu.

Safu inayofuata tumia mchanganyiko uleule, maji yakipungua na kahawia ikiongezeka. Safu tatu zinatosha.

Jambo la kushika hapa ni kwamba kwenye kanvasi rangi haizami kama kwenye karatasi, inakaa juujuu. Koti mpya inaweza kung'oa ya chini. Tumia brashi laini, pitisha mara moja, usirudie palepale. Lakini tabia hiyohiyo ina faida yake: ukitaka theluji kileleni, sugua kidogo kwa brashi yenye unyevu, kandamiza tishu, na weupe unarudi.

5. Miamba. Kausha brashi, ilaze ubavu na uipitishe upande wa kivuli tu. Mawimbi ya nyuzi za kanvasi yatashika rangi vipandevipande na jiwe litaonekana lina makwaruzo. Mimi sehemu hii naipenda kuliko zote.

6. Vanishi. Tumia ya kupuliza. Ya brashi itaiburuza rangi. Puliza nje au madirisha yakiwa wazi, koti nyepesi kadhaa, kila moja ikauke kwanza. Ikishakauka yote, picha inaweza kutundikwa bila kioo.