Jinsi ya kuanza kumsikiliza Doris Day (usianzie kwenye muvi za vichekesho)

Wengi wanamjua Doris Day kwa wimbo mmoja tu, Que Sera, Sera, ule wa mtoto anamuuliza mamake nitakuja kuwa nani nikikua, basi. Wengine waliona muvi yake moja ya vichekesho wakaishia kusema aah, yule dada wa Kimarekani anayecheka cheka. Ukianzia huko umemkosa. Huyu mama alikuwa mwimbaji wa bendi kwanza, na mengi aliyokuja kufanya mbele ya kamera aliyatoa kwenye bendi, kwa hiyo na wewe anzia kwenye bendi.

Kabla hujafungua wimbo wowote jua haya machache. Alizaliwa Cincinnati, Ohio, tarehe 3 Aprili 1922, jina la kwao Kappelhoff. Ukikuta mahali wameandika 1924 usibishane nao sana, maana hata mwenyewe aliamini hivyo miaka kibao mpaka cheti chake cha kuzaliwa kilipoibuliwa mwaka 2017. Alitaka kuwa dansa. Mwaka 1937 gari alilokuwemo likagongwa na treni, mguu wa kulia ukavunjika, habari ya kudansi ikaishia hapo. Sasa yuko nyumbani, hawezi kwenda popote, kuna redio, na kwenye redio kuna mwimbaji wa jazi Ella Fitzgerald, basi akawa anaimba naye, anamfuatisha vile anavyotamka maneno kirahisi rahisi lakini kila neno linasikika. Mwalimu wa uimbaji, Grace Raine, alimkubali mpaka akawa anampa masomo matatu kwa wiki kwa bei ya somo moja. Na hilo jina la Day alipewa na kiongozi wa bendi Barney Rapp, aliyeona Kappelhoff ni refu mno kwa bango, akalichomoa kwenye wimbo binti aliokuwa anauimba, Day After Day.

Haya, tuje kwenye kusikiliza. Ukiingia YouTube usitafute jina lake, andika Les Brown, ndo bosi wa bendi aliyokuwa anaiimbia. Enzi hizo santuri ilikuwa ya bosi wa bendi, mwimbaji anatajwa kwa chini tu, na muziki wenyewe ulikuwa wa watu kucheza, kwa hiyo usitegemee ataanza kuimba sekunde ya tano kama nyimbo za sa hivi. Santuri ina kama dakika tatu hivi, bendi inapiga kwanza, saksafoni na tarumbeta zinajitapa weee, halafu ndo yeye anasimama, anaimba kipande chake, anakaa. Usiruke huo mwanzo! Ukiruka moja kwa moja kwenye sauti hutasikia anavyoingia, na kuingia ndo ufundi wake wote ulipo. Alikuwa na Les Brown kuanzia 1940, akatoka kidogo kwenda kuolewa, akarudi 1943, akaondoka moja kwa moja 1946.

Wimbo wa kuanza nao ni Sentimental Journey. Waliurekodi Novemba 1944, mgomo mrefu wa wanamuziki dhidi ya kampuni za santuri ulipokuwa unaisha, ukatoka 1945 wakati vita inafikia mwisho na wanajeshi wanaanza kurudi makwao, na maneno yenyewe ni ya mtu anarudi nyumbani, sasa hapo unategemea nini, ukawa namba moja wiki kadhaa. Sikiliza anavyoburuta neno nyuma kidogo ya mdundo kama mtu aliyechoka safari lakini hana haraka. Angalia mwaka lakini, maana aliurudia mwaka 1965 kwenye albamu yenye jina hilo hilo, na watu wanapakia ya 1965 wanaandika ndo ile. Ya zamani ina mkwaruzo na bendi nzima nyuma. Zisikilize zote mbili, ila ya 1945 kwanza.

Ukishamzoea ndani ya bendi, ruka mpaka 1962, albamu inaitwa Duet, yeye na André Previn kwenye piano, besi na ngoma, basi. Hakuna pa kujificha pale. Kwangu mimi hiyo ndo kazi yake bora kuliko zote, vaa hedifoni, usiku.

Muvi sasa. Ya kwanza aliigiza 1948, kwenye nafasi iliyokuwa ya Betty Hutton ambaye alipata ujauzito, na hajawahi kusomea uigizaji. Hiyo unaweza kuiruka. Anza na Love Me or Leave Me ya 1955, yuko na James Cagney, anaigiza maisha ya mwimbaji Ruth Etting, na hakuna cha kucheka cheka humo, ni mwanamke amebanwa na mwanaume mkorofi. Baada ya hapo The Man Who Knew Too Much ya mwongozaji Hitchcock, 1956, walipiga sehemu ya picha Marrakech, Morocco, na huko Doris aliona wanyama waliodhoofika kwa njaa akagoma kufanya kazi mpaka walishwe, habari ya kutetea wanyama ikamshika mpaka kufa. Kuna sehemu pale Royal Albert Hall, dakika kama 12 hakuna anayeongea, okestra inapiga, yeye amesimama tu anaona kinachotaka kutokea na machozi yanamtoka. Halafu kule ubalozini: mtoto wake wa kwenye muvi amefichwa ghorofani, wageni wakubwa wamekaa wanategemea kawimbo ka kistaarabu, yeye anaupandisha ule wimbo wa Que Sera, Sera, anaupaza kuliko chumba kinavyohitaji, ili mtoto asikie huko juu. Wimbo ulipata Oscar, na yeye mwanzoni alikuwa hautaki, aliuona wa kitoto. Pillow Talk ya 1959 itazame baada ya hizi, ndo iliyompa uteuzi wake pekee wa Oscar ya uigizaji.

Ukisoma maisha yake, waume walikuwa wanne, usipotelee huko, wa kumkumbuka ni wa tatu, Marty Melcher, aliyekuwa pia meneja wake. Alipofariki 1968 mama akagundua hela zimeisha, ana madeni, na ameshasainiwa kipindi cha TV bila kujua. Akakifanya miaka mitano. Doris akamshtaki mwanasheria aliyehusika na hela hizo, na 1974 mahakama ikaamua Doris alipwe zaidi ya dola milioni 22.

Alifariki Mei 2019 akiwa na miaka 97. Albamu ya My Heart, ya 2011, iache ya mwisho kabisa. Ina nyimbo za mwanae Terry, aliyemzaa na mpiga tromboni Al Jorden, akawa prodyuza, akafariki 2004. Ukiisikiliza kabla hujamjua Terry ni nani utaona nyimbo za kawaida tu.